Chupa Zilizoombewa

Mtu baki akikuibia unajua la kufanya: unapiga kelele, majirani wanatoka, mwizi anatimua mbio. Sasa anayekugeuka akiwa ni yule mnayelala kitanda kimoja, utampigia nani kelele? Hilo ndilo lililompata Mama Kikombe, na mimi kila nikilisimulia damu inanichemka, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Jina la Mama Kikombe hakupewa na wazazi. Yeye alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima, watoto wake wameshaoa na kuolewa, kazi yake kushona sare za shule na mapazia kwenye kibaraza cha vyumba viwili alivyopanga na mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba na mzee wa kanisa, mtu mtaratibu, ambaye ukimuuliza swali anakohoa kwanza ndipo anakujibu. Walikuwa chanda na pete, wale wawili. Maharusi wakifundwa pale kanisani waliambiwa, mkitaka kujua ndoa ni nini, waangalieni fundi na mkewe.

Mama mzazi wa Mama Kikombe alikaa bondeni, nyumba ya mwisho, pale mtaro unapokata kona. Na mtaro wenyewe ulianzia juu, mbele ya lango la kanisa. Kila Jumapili ibada ikiisha waumini walikunywa maji ya chupa, wakajifuta midomo, chupa wakaitupa mtaroni, wakaenda zao huku wanaimba. Chupa zikashuka taratibu mpaka kwenye ile kona, zikakwama, zikarundikana. Mwaka mmoja mvua ilikolea alasiri moja tu, maji yakakosa pa kupita, yakaingia ndani kwa yule bi mkubwa. Walimkuta amesimama juu ya kitanda, ameng'ang'ania boriti, godoro linaelea. Miguu yake, ambayo tayari ilikuwa na baridi yabisi, haikurudi tena kuwa miguu ya kutembelea. Kuanzia siku hiyo alitembea kwa fimbo, na kila wingu likijikusanya alikuwa akiuliza, "Mtaro uko wazi?"

Basi Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, fundi cherehani akaenda mbele na gunia begani. "Ndugu zangu," akasema, "mimi leo sina ushuhuda, nina mzigo." Akalimwaga gunia pale chini ya mimbari. Chupa zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya viti vya kwaya, nyingine zina tope, nyingine zina konokono ndani. "Hizi nimezitoa mlangoni kwa mama yangu. Si za mtu mwingine. Ni zetu, tulizinywa tukitoka kumshukuru Mungu."

Na kwa hili lazima nimpe Mchungaji haki yake, ingawa baadaye nitamnyang'anya: alishuka, akainama na joho lake lote, akaokota chupa moja, akapanda nayo mimbarini, akahubiri mpaka watu wakalia. Alisema huwezi kumwimbia Muumba huku unamjazia jirani takataka mlangoni. Alisema kila muumini atakuja na kikombe chake kutoka nyumbani, na chupa ya plastiki haitavuka lango lile tena. Watu wakanyoosha mikono, wakaahidi.

Ikawa kweli, jamani. Fundi bomba akatandaza bomba kutoka barabarani, akafunga tangi na chujio, akapanga safu ya mabomba kwenye ukuta wa uani. Mkewe ndiye aliyechimba naye ule mfereji. Alishika sururu, akapata malengelenge, wakacheka wawili, na mumewe akamwonyesha koki kuu wanaifukia wapi, chini ya kifuniko cha zege karibu na mnazi wa Mchungaji, "ili nikifa," akasema, "usikose maji." Mkewe naye akakusanya vitambaa vilivyobaki vya mapazia, akashona vifuko vya kubebea vikombe, kila nyumba rangi yake. Ibada ikiisha ungewaona waumini wamepanga foleni na vikombe vya bati, vya udongo, vya kauri vilivyokatika masikio, wanataniana. Wa kwaya walikuwa na vikombe vikubwa kuliko wote, wanasema ni kwa ajili ya koo. Hata waumini wa msikiti wa mtaa wa pili walituma wajumbe waje waone, nao wakaenda wakafanya vivyo hivyo kwao. Ndipo watoto wakaanza kumwita Mama Kikombe, na wakubwa wakafuata. Alijifanya kukasirika, lakini moyoni alikuwa anaona raha kupita kiasi.

Mvua zikaja, zikaenda. Mtaro ukapitisha maji, bi mkubwa akalala pakavu.

Kisha akaingia Tajiri wa Maji. Huyu alikuwa na kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa, na alihamia kanisani kwao akakaa benchi la mbele kabla hata hajajua nyimbo. Mtu mkarimu, hilo silikatai, mikono imejaa, meno yote nje. Haukupita muda mrefu mabomba ya uani yakakauka. Watu walifungua, yakatoa pumzi, basi. Fundi bomba akaitwa, akazunguka na funguo zake, akainama, akakohoa, akasema bomba limepasuka mahali chini ya ardhi, na kulitafuta ni kazi kubwa.

"Pole, mume wangu," Mama Kikombe akamwambia nyumbani. "Utalipata tu."

Jumapili iliyofuata Tajiri akaleta katoni za maji. Yalikuwa kwenye chupa ndogondogo zenye karatasi ya buluu, na juu ya karatasi limechorwa kanisa lao lenyewe, mnara na kila kitu, na maandishi: Maji ya Neema. Mama Kikombe aliposimama kukumbusha ile ahadi, Mchungaji akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: oh, mama yetu, mlezi wetu, tunakuheshimu sana, ni kwa muda tu mpaka mzee wetu atengeneze bomba, ama unataka watu wafe kiu? Kisha, ili kumshukuru mtoaji, Mchungaji akanyoosha mikono juu ya zile katoni akaziombea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo shetani mwenyewe angeketi chini ajifunze. Maana watu wale walikuwa watu wa imani kwelikweli, na kitu kilichoombewa kwao si kitu cha mchezo. Maji wakanywa. Chupa je? Mama Kikombe aliweka gunia langoni na kubandika maandishi, tupia hapa. Ibada imeisha, gunia tupu. Akamshika mkono bibi mmoja aliyekuwa anatoka na chupa yake ameikumbatia kifuani.

"Bibi, niwekee hapa kwenye gunia, nitaipeleka kwa wanaonunua plastiki."

"Wee!" Bibi akaruka nyuma. "Kitu kimewekewa mikono, nikitupe gunia moja na maganda ya ndizi? Niende nikauze? Unanitakia laana, mwanangu?"

"Sasa utaifanyia nini?"

"Ilikuwa ya maji," bibi akasema kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo vizuri, "nairudisha kwenye maji kwa heshima." Akavuka lango, akachuchumaa kwa taabu, akailaza ile chupa mtaroni polepole, kama mtu anamlaza mtoto, akaipungia mkono.

Na si yeye peke yake. Kanisa zima! Zamani walitupa kwa uzembe, na uzembe unaweza kuukemea. Sasa walikuwa wanatupa kwa unyenyekevu, foleni nzima, kila mmoja na dua yake. Utamkemeaje mtu anayeomba? Mama Kikombe akamwendea Mchungaji ofisini, akamwomba awaambie watu kwamba chupa ni chupa. Mchungaji akatabasamu, akasema ni hatari kuwavunja moyo waumini wachanga, imani ni kitu laini. Kumbe yeye na Tajiri walikuwa wameshaona kwamba watu wananunua Maji ya Neema hata siku za kazi, wanapeleka kwa wagonjwa, wanaweka juu ya kabati. Nani angeziba mfereji kama huo?

Basi akawa anaingia mtaroni mwenyewe, na buti za mumewe, kila siku baada ya kazi, anazoa. Alizoa wiki baada ya wiki, na akizoa tano wanalaza kumi. Watu wakaanza kumsema. Wapo waliosema ana wivu kwa sababu umaarufu wa vikombe umeisha. Wapo waliosema mumewe si fundi, angekuwa fundi angeshatengeneza. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Alimtetea mumewe kila mahali, sokoni, kwenye jumuiya ya akina mama, mpaka kwa mama yake. "Mume wangu anahangaika," alikuwa akisema. "Hamjui tu. Anarudi amechoka hata chakula hali."

Hata chakula hali! Wallahi, nikifika hapa huwa natamani kuingia kwenye hadithi nimzibe mdomo.

Siku moja katikati ya wiki alikwenda kanisani kupima madirisha kwa ajili ya mapazia mapya. Alipomaliza mikono ilikuwa imejaa vumbi, akazunguka nyuma kutafuta pa kunawa, akafungua bomba la kumwagilia maua bila matumaini yoyote. Maji yakamrukia mpaka kifuani. Akabaki ameduwaa. Yeye ndiye aliyechimba mfereji ule; alijua bomba la maua linachipuka kwenye bomba lilelile la barabarani, hatua chache kabla ya koki kuu. Sasa bomba lipi hilo limepasuka, na maji yana nguvu namna hii?

Akaenda kwenye mnazi, akapiga magoti, akafukua udongo, akainua kifuniko. Koki iliyosahaulika chini ya ardhi unaijua, inakuwa na kutu na mchwa. Ile ilikuwa safi, imepakwa grisi. Ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, na shingoni imezungushiwa kitambaa cha kuzuia unyevu, kitambaa cha kijani chenye mistari myeupe. Kitambaa hicho alikijua. Ni sare ya shule moja tu, na aliyeishona ni yeye, na kipande kile mumewe alimwomba mwenyewe, asubuhi moja wakinywa chai. "Nikatie kitambaa kidogo, mke wangu, kuna kitu nataka kukifunga kazini." Akamkatia, tena akamchagulia kilicho kizito.

Akaizungusha koki. Ilizunguka bila kelele. Kule ukutani mabomba yakakohoa, yakatema kutu, kisha maji yakaanza kumwagika yote kwa pamoja, meupe. Mama Kikombe akakaa chini palepale kwenye udongo na nguo yake nzuri, akalia. Hakulia kwa sababu ya maji. Alilia kwa sababu ya kile kitambaa, kwa sababu ya kumchagulia kilicho kizito. Aliona aibu, kana kwamba watu wote wanamwona, na pale hapakuwa na mtu. Alipomaliza kulia akafungua kitambaa, akakitia mfukoni, akaifunga koki tena. Alitaka aliyeifunga ndiye aifungue.

Jioni akapika kama kawaida, akapakua, akamwacha mumewe ale tonge mbili.

"Baba watoto, lile bomba la kanisa limepasuka wapi?"

Fundi akakohoa. "Si nilikwambia? Kule chini, karibu na ukuta. Linataka kuchimbwa."

Akakiweka kitambaa mezani kando ya sahani. Fundi akakitazama. Akakohoa tena, na safari hii jibu halikufuata.

"Nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu, tulikaa kikao." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema na sahani. "Tajiri ameahidi kuliezeka kanisa upya, ila anataka maji yake yanywewe. Mchungaji akasema tufunge kwa muda tu. Wazee wote wakanyoosha mkono. Na mimi... amenipa kazi ya mabomba yote ya kiwanda chake. Yote, mke wangu. Nimechoka kupanga. Nilitaka tuwe na kwetu, nawe uwe na duka lako lenye mlango na kufuli, usishone barazani kwa watu kama ombaomba."

"Siku ya kikao hicho ulivaa shati gani?"

"Shati?"

"Jeupe. Nilikupigia pasi mimi. Ukaniambia kuna kikao cha wazee, nikakupigia pasi, ukaenda na shati langu kunifungia maji."

"Nimefunga tu, sikuharibu kitu. Ukizungusha mara moja maji yanatoka."

"Na mama yangu?"

"Mvua bado, mama watoto. Nilijua kabla ya mvua nitafungua."

"Umeniona nikiingia mtaroni kila siku. Na buti zako! Ulikuwa unaziosha nikirudi, unaziosha unaniambia pole. Pole ya nini, wewe mwanaume? Ungeniambia siku ile ya kwanza ningekutukana, tungegombana, yangeisha. Umeniacha nikutetee mbele za watu kama mjinga. Nimeapa kwa jina lako!" Hakuwa na hasira tena, alikuwa na uchungu tu, na uchungu ule ulikuwa mbaya kuliko hasira kwa sababu haukuwa na pa kwenda.

Fundi akalia. Mtu mzima, mzee wa kanisa, akalia juu ya chakula. Akasema Jumapili atasimama wakati wa ushuhuda aseme yote, koki, kikao, kiwanda, na amfungulie maji mbele za watu. Akaapa. Na Mama Kikombe akamwamini. Msimcheke. Miaka yote hiyo mtu amekuwa wako, unataka kumwamini, unamwamini hata kabla hajamaliza kuapa.

Jumapili mawingu yaliamka kabla ya watu. Bi mkubwa alituma salamu asubuhi kwa jirani: mtaro uko wazi? Binti yake akajibu uko wazi, maana aliizoa kona ile jana yake jioni. Fundi alitoka mapema, akasema anakwenda kupanga viti. Mama Kikombe alifika akakaa benchi lao, mikono imeshikana mapajani. Ukafika wakati wa ushuhuda na mumewe akasimama, akaenda mbele, akakohoa.

"Ndugu zangu," akasema, "nimepita kwenye mabomba asubuhi hii. Nimefungua. Maji yanatoka."

Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele. Mama Kikombe hakupiga makofi, alisubiri. Sasa atasema, alijiambia. Sasa.

"Mke wangu anajua nilivyohangaika usiku na mchana kwa jambo hili." Hakumtazama. "Sikuchimba. Sikubadilisha bomba hata moja. Ila maji yamerudi." Mdomo ukamchezacheza kama anataka kuongeza neno, kisha akarudi kukaa.

Hakusema uongo hata kidogo, mnaona? Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu. Mchungaji hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri. "Hakuchimba!" akapaza sauti. "Mmesikia, wapendwa? Hakugusa kitu, na maji yamerudi!" Mtu akapiga kelele, muujiza! Kwaya ikadaka wimbo. Na Tajiri wa Maji, ambaye sijui alijuaje, alikuwa na gari limejaa chupa tupu nje ya lango, zimeshabandikwa karatasi. Kila familia ikachote maji ya muujiza, akatangaza, asikose mtu! Watu wakaanza kubanana mlangoni. Yale mabomba yaliyowekwa ili kuondoa chupa sasa yalikuwa yanajaza chupa.

Mama Kikombe akasimama juu ya benchi. Ndiyo, na viatu vyake.

"Hakuna muujiza!" akasema kwa sauti yake yote. "Koki ilifungwa! Wazee walikaa kikao wakaifunga, na aliyeifunga kwa mkono wake ni mume wangu huyu hapa! Mwulizeni! Mume wangu, waambie!"

Wimbo ukafifia. Watu wakageuka. Fundi akainuka polepole, na mkewe akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na bado, haki ya Mungu, bado alikuwa na matumaini.

"Mke wangu amechoka," fundi akasema. "Tangu mama yake alipoharibikiwa na miguu hajapumzika. Anaingia mtaroni kila siku. Naomba tumwombee."

Akaja, akamshusha kutoka kwenye benchi kwa upole, akaweka mkono juu ya kichwa chake. Wazee wenzake wakazunguka, wakaweka na yao, na Mchungaji juu ya wote. Mama Kikombe alikuwa chini ya mikono ile na aliutambua wa mumewe kwa uzito wake na kwa harufu ya grisi. Wakaanza kuomba amani irudi moyoni mwake. Alijiona mdogo, alijiona amekwisha, na mtu aliyemmaliza alikuwa anamwombea kwa machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli.

Matone ya kwanza yakagonga bati. Kisha mvua ikamwagika, si mvua ya kuulizana. Akaitoa ile mikono kichwani mwake, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, akapenya kati yao, akatoka nje mbio.

Mtaro ulikuwa umeshajaa. Maji meusi yalikuwa yanashuka na chupa za karatasi za buluu zimepanga foleni juu yake, minara ya kanisa inapinduka na kuinuka. Alipofika bondeni ile kona ilikuwa imezibwa kabisa, na maji yameshapanda kizingiti. Aliusukuma mlango kwa bega. Mama yake alikuwa kitandani, amekunja miguu yake mibovu, fimbo imeshachukuliwa na maji.

"Ulisema uko wazi," bi mkubwa akamwambia. Hakumlaumu, alikuwa anashangaa tu.

Akajaribu kumbeba, akashindwa. Mwenyewe naye hakuwa kijana. Akajaribu tena, wakataka kuanguka wote wawili. Ndipo fundi akaingia, suruali ameikunja, anahema, maji yanamchuruzika usoni. Alikuwa amemfuata mkewe mbio njia nzima. Akageuka, akachuchumaa, akampa mama mkwe mgongo.

"Hapana, mkwe," bi mkubwa akasita. "Nikupande mgongoni mimi? Ni aibu."

"Leo hakuna aibu, mama. Panda."

Akapanda. Fundi akainuka naye, akatoka mlangoni, maji yanampiga mapajani, akaanza kuipandisha njia hatua kwa hatua, na mkewe nyuma ameshika kiuno cha mama yake asiteleze. Chupa zilikuwa zinawagonga magotini. Bi mkubwa alikuwa ameulaza uso kwenye bega la mkwewe, anatetemeka, na huku anatetemeka akaanza kumbariki.

"Mungu akuweke, baba. Akuweke miaka mingi. Sikuzaa mtoto wa kiume, lakini nilipewa wewe. Mwanangu huyu alipata mume, mimi nikapata mtoto. Jirani amenipigia simu kutoka huko, kasema hata maji ya kanisani yamerudi kwa maombi yako."

Fundi akasimama katikati ya maji. Hakukohoa. Mama Kikombe, kule nyuma, akasema neno moja tu.

"Mwambie."

Mvua ilikuwa inapiga. Mzigo alioubeba ulikuwa unampumulia shingoni.

"Mama," akasema mwishowe, "maji ya kanisani nilifunga mimi. Kwa mkono wangu. Watu warudi kwenye chupa. Ndizo hizi."

Bi mkubwa akazitazama zile chupa zinavyopita, akaitazama nyumba yake kule nyuma, mlango uko wazi na sufuria zinatoka zenyewe. Kisha akauinua uso wake kutoka begani.

"Nishushe," akasema.

"Mama, maji ni mengi. Na miguu yako—"

"Nimesema nishushe, fundi."

Hakumwita mkwe. Fundi akachuchumaa polepole, na yule bi mkubwa akateremka mgongoni mwake, akaguna maji yalipomfika magotini, akayumba. Akanyoosha mkono bila kuangalia, na binti yake akaudaka. Wakaanza kupanda wawili, wanashikana, wanasimama, wanavuta pumzi, wanapiga hatua nyingine. Fundi aliwafuata nyuma karibu kabisa, mikono ameitanua ili awadake wakianguka, na mpaka wanafika barabarani hakuna aliyegeuka kumtazama.